Zamu Jazi Ilivyokaa Vichwani mwa Watu Kumi na Mmoja

Mpendwa shemeji Nyale,

Nimetimiza miaka themanini na tatu. Nimemzika dada yako, nimewazika wenzetu wote tisa wa bendi, nimewazidi umri hata madaktari wawili walioniambia niache tumbaku. Wewe pia nimekuzika, tena jeneza nililishika upande wa mbele. Mwandiko wangu unaujua, usicheke. Nimechoka, shemeji, lakini hili sitaki nife nalo.

Watoto wa siku hizi wakisikia Zamu Jazi wanadhani ni jina la mzaha. Hawajui kwamba sote kumi na mmoja tulikuwa watu wa zamu bandarini, huyu anaingia kazini, yule anatoka, na hakuna siku hata moja tuliyokutana sote kufanya mazoezi. Ulikuwa ukitunga wimbo kichwani, kisha unamfuata mtu mmoja mmoja. Mwingine unamkuta langoni akitoka kazini, mwingine kwake Chaani ananyolewa ndevu. Unamwimbia sehemu yake kwa mdomo mpaka aishike. Yake tu. Ya mwenzake haikumhusu. Jumamosi tukipanda jukwaani pale Mikindani ndipo nasi tunausikia wimbo mzima kwa mara ya kwanza, sawa na waliokuja kucheza. Nakumbuka siku moja nilisahau kupuliza kwa kusikiliza. Ukanigeukia ukaninong'oneza, "Shemeji, umelipa kiingilio?"

Na tulipiga, haki ya Mungu! Watu walivuka feri kutoka Likoni, wengine walitoka Kisauni na viatu mkononi wasivichafue njiani. Tarumbeta yangu ilisikika Miritini. Wanaosema iliishia Jomvu wana wivu.

Sasa nije kwenye lenye kuniuma. Jumamosi ile kabla ya dansi ulimleta mwalimu wa kwaya kutoka Frere Town, na karatasi zake za mistari mitano, aandike sehemu zetu zote zisipotee. Nikasimama mbele ya wenzetu nikasema, "Muziki wa karatasi ni wa kanisani na wa polisi! Mimi nikiimbiwa mara mbili nimeshaumeza. Anayetaka karatasi akafungie samaki." Wakacheka wote, wakawa upande wangu. Mwalimu wa watu akakusanya karatasi zake akaenda zake. Wewe uliniangalia tu, ukasema, "Haya, shemeji. Basi usife."

Sikufa, kama unavyoona. Lakini sikukwambia kweli siku ile. Niliogopa. Karatasi ingewekwa mbele yangu nisijue juu wala chini, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kuliko wote. Basi nikaona heri iondoke karatasi kuliko niaibike mimi.

Mwezi uliopita mjukuu wako Riziki, anayefundisha muziki shuleni, alikuja kwangu. "Shikamoo babu. Nataka watoto wangu waupige wimbo wa mwisho wa babu Nyale. Nasikia wewe unazijua nyimbo zake zote."

"Zote? Hata zile zilizokuwa bado tumboni mwake."

Nikaitoa tarumbeta, nikaipangusa, nikapuliza sehemu yangu. Pa. Kimya kirefu. Pa-pa. Kimya tena. Mtoto akangoja, kisha akauliza kwa adabu, "Halafu, babu?"

Shemeji, hakuna halafu. Miaka yote nilidhani mimi ndiye wimbo, kumbe nilikuwa nawaitikia wenzangu tu, nao wamekwenda na vyao.

Ikabidi niende kwa mkeo Kadzo, ambaye tangu siku ile ya mwalimu hanipi neno ila salamu. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamweleza haja yangu, Riziki kando yangu. Hakuinua kichwa.

"Leo wataka karatasi, mzee?"

"Naitaka, Kadzo."

Akasukuma ungo pembeni, akaanza kuimba. Kumbe kila sehemu ulikuwa ukiijaribu nyumbani kabla hujaipeleka kwa mwenyewe, naye alikuwa akisikia. Saksafoni moja anayo, besi anayo, na gitaa. Nyingine zilimponyoka, akazitafuta mpaka machozi yakamtoka. Riziki akaandika, nami kwa mara moja maishani nikafunga kinywa. Tukijumlisha na yangu, tumepata nne. Saba hazipo, na aliyezipoteza ni mimi. Nimetaka ulisikie kwangu, usije ukaambiwa na mwingine huko.

Watoto watapiga hizo nne. Nitakwenda kuwasikiliza, magoti yakiniruhusu. Wewe lala, shemeji. Kuja nitakuja, ila sina haraka.

Ni mimi shemeji yako, tarumbeta ya pili. Ya kwanza sikuwahi kuwa, hata niliposema.

Anayebisha haya aende Jomvu kwa Kadzo. Anayajua yote, wala hatanipunguzia hata moja.