Shangazi, Chupa Imefunguliwa Suguti

Mpendwa Shangazi,

Kaa chini kwanza. Babu ameinywa.

Unakumbuka siku Luka alipoileta ile chupa? Mimi na wewe tulikuwa jikoni na Bibi, tumebanana dirishani, tukiwasikiliza wanaume sebuleni. Kwetu kila mtu anajua: wazee wakinywa kinywaji cha mchumba, binti ametolewa. Luka, Mfaransa wa watu aliyejifunzia Kiswahili kwenye zabibu za Dodoma, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akasimulia shamba lao lote: kilima cha mawe, mizabibu aliyoipanda babu yake, ghala la chini ya ardhi ambamo mama yake hupita na tochi akikagua mapipa. Babu alishaanza kutabasamu. Ndipo Luka, kwa ule ukweli wake unaomponza, akasema mvinyo wenyewe bado mchanga, ulale gizani miaka mingi ndipo ukomae.

“Umekuja kuposa na pombe ambayo haijaiva?” Babu akauliza. “Basi na posa haijaiva. Mimi sinywagi pombe mbichi.”

Ulinifinya mkono, kucha zikaingia.

Mkafunga ndoa huko kwao. Tangu hapo mkija Musoma mnalala hotelini, mnaonana na Bibi hukohuko mjini, mtaa wa Kigera, kama wageni. Hata baada ya watoto wawili, kwenye simu Babu alikuuliza tu, “Huyo rafiki yako hajambo?” Nilicheka, lakini iliniuma kwa ajili yako.

Bibi ndiye aliyeitunza. Luka alisema pawe baridi, pawe giza, chupa ilale. Akailaza kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji. Kila Krismasi Babu alimtania, “Imeiva?” Bibi alijibu, “Bado,” akaongeza maji kwenye mchanga.

Halafu ukapiga simu juzi, kwamba mama mkwe wako amefungua chupa pacha wa hiyo, ya mwaka uleule, na imekuwa tamu ajabu. Bibi hakungoja. Jumapili baada ya misa aliiweka mbele ya Babu na wadogo zake. Mimi nilitoka Bunda na kizibuo cha kuazima. Kizibo kikavunjika, Bibi akachuja kwa chujio la chai. Shangazi, niliogopa. Kama imegeuka siki, wewe ndio basi tena.

Babu alinusa muda mrefu, kisha akanywa.

“Zambarau,” akasema. “Na tumbaku. Na udongo ukinyeshewa.” Akanyoosha kikombe aongezewe, kisha akawapitishia wadogo zake. “Kumbe yule kijana alikuwa hadanganyi. Angeweza kunidanganya siku ile, nikanywa, yakaisha. Huyo ndiye mkwe.”

Nililia mbele ya watu wazima, na sijutii.

Sasa sikia agizo lake: binti hatolewi akiwa hayupo. Urudi nyumbani, Luka aje akuchukue hapahapa Suguti, na watoto wenu wakusindikize. Aje na chupa nyingine, ila safari hii iliyoiva.

Njoo uolewe, Shangazi. Chumba chako kimeshapakwa rangi, na jana Babu mwenyewe alisimamia fundi akipanua kitanda.

Ni mimi, binti wa kaka yako, mwenye alama ya kucha zako mkononi.