Dawa Iliyotugharimu Mtamba

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kuresoi tumevuna viazi, na nyanya yako anakusalimu. Unauliza ujifungulie hospitali ya serikali au ya kulipia, maana wenzako hapo Karagita wanasema huduma ya bure si huduma.

Nikiwa kijana, mama yangu aliugua kifua. Daktari wa hospitali ya serikali alimpa vidonge bila malipo, naye mama akavitupa shambani. "Dawa ya bure ni chaki," akasema. Alipozidiwa, tuliuza mtamba wetu wa pekee, aliyekaribia kuzaa na kutupa maziwa, tukampeleka kliniki ya kulipia mjini Nakuru. Pazia likafunguliwa, akatoka daktari yuleyule wa serikali, ambaye jioni alifanya kazi hapo.

"Mama, vile vidonge ulivimaliza?"

Mama akatazama viatu vyake. Daktari akampa vilevile, ndani ya bahasha nzuri. Safari hii alivimeza vyote, akapona.

Najua siku hizi hata serikalini unaweza kutumwa ununue glavu nje. Ila usiulize bei pekee. Uliza ni nani atakuwa zamu, na kama damu ipo.

Mama aliisifu kliniki ile maisha yake yote. Sisi tulikunywa chai ya rangi.

Nakuombea ujifungue salama,
Babu yako