Picha Uliyonikataza Kuieleza

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo mama? Kazi, baridi, na huyo mwenye nyumba wako mkorofi, vinakuendeaje? Sisi huku wazima. Mimi nina mkwaruzo wa koo tu, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Sauti yangu siku hizi ni kama mlango usiotiwa mafuta.

Filamu yako imefika. Kinyozi, ambaye ndiye fundi wetu wa projekta, ameijaribu na inacheza. Tutaionyesha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku yetu ya filamu huru. Nikukumbushe, maana waliohama husahau: filamu huru ni ile aliyoitengeneza mtu kwa jasho lake, bila kampuni kubwa kumwamuru nani afe mwishoni. Watu wetu huzipenda kwa sababu nasimama kando ya pazia nikiwafafanulia huyu ni nani, anataka nini, kwa nini analia. Hawaniiti Mzee Ufafanuzi bure. Na yako nitaifafanua kuliko zote. Marehemu mama yako kwenye pazia, mwanangu! Nani anamjua kunishinda?

Baba yako

15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mwenye nyumba ni yule yule. Hilo koo umelipeleka kwa daktari, au umemfafanulia wewe ugonjwa?

Baba, nina ombi, na usiliweke moyoni. Usiieleze. Nimeitengeneza bila neno hata moja, makusudi. Mama anatunga uzi kwenye sindano, basi. Nataka watu wakae naye kimya, kama nilivyokaa mimi nyuma ya kamera. Ukisimama pale watakusikiliza wewe, hawatamwona yeye. Nakujua, neno moja kwako huzaa kumi. Niahidi. Na koo nalo lipate kupumzika.

Binti yako

2 Aprili

Chiriku mwanangu,

Salamu nyingi. Daktari nimemwona. Anasema kuna kijinyama kooni, kitatazamwa hospitali kubwa. Usihangaike.

Tumeionyesha. Ukumbi ulijaa, hata shangazi yako alikuja na mto wake wa kukalia. Mimi nikaketi nyuma kabisa, mikono nimeikalia. Mwanzoni walisubiri, wakidhani nimeenda kunywa maji. Kisha fundi viatu akageuka: "Mzee Ufafanuzi, vipi? Leo redio imeisha betri?"

Wakacheka. Mama yako akaulamba uzi, akalikosa tundu. Akaulamba tena. Muuza mkaa akapaza sauti, "Mleteeni miwani huyo!" Mwingine akasema, "Akifanikiwa mniamshe!" Wakaanza kutoka, benchi baada ya benchi. Neno nilikuwa nalo hapa kwenye ncha ya ulimi, mwanangu, na lingewakalisha wote. Nikalimeza, nalo likauma kuliko hicho kijinyama.

Taa zilipowashwa tulibaki mimi, kinyozi na shangazi yako, naye alikuwa amelala. Kamati ya ukumbi inasema Jumamosi hizo bora ziwe za mpira.

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini. Nilikosea. Picha ile inakuhitaji. Waombe kamati Jumamosi moja tu, uionyeshe tena, nawe useme, useme mpaka uchoke. Kinyozi akurekodi kwa simu, nami nisikie. Na mbona huniambii hospitali wamesemaje?

Binti yako

8 Juni

Chiriku mwanangu,

Hujambo mama? Usiniulize hali yangu, nitakueleza mwenyewe, kwa utaratibu.

Kamati walikubali, lakini hospitali ilitangulia. Walikitoa kijinyama, na sauti wakaondoka nayo. Daktari ni mwungwana, alinichorea koo kwenye karatasi. Nilimwelewa vizuri. Kuelewa hakukusaidia kitu.

Basi nikayaandika maelezo, kinyozi akayasoma. Anasoma kama anayenyoa kipara: polepole, akiogopa kukata. Picha ikawa mbele na yeye nyuma, mama yako keshageuka dirishani yeye bado yuko kwenye kulamba uzi. Nami nimesimama kando ya pazia palepale pangu, nampungia mikono, hanioni.

Lakini hawakutoka. Niliwaandikia kwamba kile anachotaka kushona ni kifungo cha koti la binti anayesafiri. Kwamba macho ya mama yule yamekwisha ingia ukungu, naye hataki binti ajue, asije akaahirisha safari. Kwamba mumewe amesimama mlangoni, hamumwoni, anataka kumpokea sindano, na mkewe anamwambia kwa midomo tu, "Nyamaza, nitaweza." Muuza mkaa alivua kofia.

Ila umeikata picha uzi ukiwa bado nje ya tundu. Sasa kila nipitapo, fundi viatu ananyanyua kichwa: "Mzee, uzi uliingia?" Muuza mkaa naye vivyo hivyo. Nami nawaonyesha viganja vitupu. Wanadhani ni sauti iliyokosekana. Ningekuwa na sauti ya radi nisingewajibu, mwanangu. Mama yako aliponinyamazisha niliondoka mlangoni, na siku ya safari ulijitanda shali juu ya koti, sikuona kama kifungo kilikuwepo.

Wewe ulibaki naye. Uliingia?

Baba yako