Sauti ya Kemunto Kooni Mwangu

Mashamba ya chai, Kericho

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Mgongo wa Baba unaendeleaje, na ng'ombe ameshazaa? Mimi niko hai, namshukuru Mungu.

Najua umenikasirikia kwa kutoshika simu. Mama, si madharau. Sauti yangu imekuwa nzito, inakwaruza, ungeisikia ungeangusha simu. Ni ile ya dada yangu Kemunto kabla hatujamzika. Majuzi nilimwita jirani yetu kule kwenye majani chai, akageuka mikono kichwani: "Yesu! Nani huyo?"

Ilianza na uchovu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, viungo vinauma, navaa sweta mbili mchana. Nyapara ananiita mvivu. Si ndivyo nilivyomwita Kemunto? Nilikupigia nikasema anajifanya, nawe ukamgombeza. Halafu baridi ile ya Julai akalala, asiamke. Watu wakasema amerogwa, nasi tukanyamaza.

Sasa nimepimwa damu. Daktari anasema hapa kooni kuna tezi inayotengeneza homoni ya kuupa mwili joto na nguvu, na yangu inatoa kidogo sana. Nameza tembe moja kila asubuhi kabla ya kula. Nikamwuliza, "Na dada yangu?" Akasema hawezi kujua bila kumpima, lakini ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Nililia mbele yake bila haya.

Ujumbe wako kuhusu mtoto wa Kemunto nimeusoma. Ati Bosibori analala darasani, anashinda na sweta juani, na Jumapili utampeleka kwa nabii afunge siku tatu. Jameni, Mama! Aombewe, lakini asifunge wala asichapwe. Mpeleke kwanza apimwe damu. Haya hayaenei kwenye ujumbe wa simu, basi nimempa jirani yetu anayekuja nyumbani barua hii ikufikie kabla ya Jumapili, kwa sababu naogopa.

Kuna kitu sijakuambia. Siku yake ya mwisho shambani, Kemunto aliniita mara mbili kutoka mstari wa nyuma, nimsaidie kikapu. Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kuchuma. Sasa hata nikiomba, ni sauti yake inayoomba.

Nisalimie Baba, shangazi anayekuchotea maji, na kaka yangu mdogo. Bosibori mkumbatie. Siku akikuita kwa sauti nzito, Mama, usikimbie. Mwitikie.

Ni mimi binti yako uliyebaki naye,
Moraa