Saa Nne za Karani Antipasi

Jumatatu, 10 Agosti 1953

"Kutoka Msimbe hadi hospitali ya juu ni mwendo wa saa nne, hata kwa watu waliobeba mgonjwa. Wenyeji wenyewe wamethibitisha. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea na zahanati ya bondeni."

Ndivyo alivyoandika Antipasi, karani wa baraza. Nakala nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Saa nne! Mbuzi wa Msimbe hapandi genge lile kwa saa nne, na mbuzi habebi mtu. Mimi mwalimu, miaka thelathini nasoma magazeti na matangazo ya Serikali, uongo naujua. Huu si uongo. Ni mbaya zaidi — ni upumbavu uliopigwa chapa.

Ijumaa wazee wa baraza wanakaa huko juu kuamua. Mdogo wangu Dorkas ana mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza uchungu ulimshika usiku, tukampandisha kwa machela, na mtoto tulimzika hukohuko gengeni, kwenye mawe. Zahanati ilikuja baada ya hapo. Sasa wanataka kuifunga.

Nimempelekea Antipasi barua. Njoo tupande wote. Njoo na saa yako.

Jumanne, 11 Agosti

Amekuja. Kavaa viatu vya kuendea kanisani.

Tumetengeneza machela: miti miwili na blanketi. Mgonjwa wetu ni gunia la mtama. Dorkas kalishona mdomo mwenyewe, kisha akalisukuma kwa mguu.

"Kaka, punguzeni. Mimi sijafika uzito huu."

Mumewe, Lazaro, akamwambia hajajiona kwa nyuma. Akarushiwa mwiko. Tulipunguza debe moja.

Wabebaji wanne: mimi, shemeji Lazaro, na ndugu wawili jirani zetu, Kefa na Philipo. Kila mmoja na mzigo wake mgongoni — blanketi, unga, kibuyu cha maji. Antipasi atabeba daftari.

Jumatano, 12 Agosti

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Naandika jioni, tumekwama kwenye mwamba mpana kama kitanda cha watu watatu. Sisi ni watano. Upepo unapita kwenye blanketi kama vile halipo.

Saa nne za Antipasi zilikwisha tukiwa bado kwenye miiba ya chini. Nilimwomba atazame saa yake. Alisema tumechelewa kwa sababu mimi naongea sana. Kefa akacheka, msaliti.

Baada ya hapo njia inasimama kama ukuta. Wa mbele wanashusha miti hadi magotini, wa nyuma wanaiinua juu ya vichwa, la sivyo mgonjwa anateleza. Mkono mmoja kwenye mti, mmoja kwenye jiwe. Nina miaka arobaini na saba. Magoti yangu yalinikumbusha kila mwaka.

Saa nane mchana tulifika kwa mzee Simeoni, mfuga nyuki, nyumba pekee katikati ya genge. Tukamwamkia. Akatupa maji. Antipasi akauliza:

"Baba, huko juu bado mbali?"

"Hapo tu, mwanangu. Mmeshafika."

Antipasi akanitazama kama hakimu, akaandika.

Ndipo nilipoelewa. Kumbe huyu ndiye "wenyeji wenyewe"! Nikamwuliza, mara ya kwanza ulipita hapa ukiwa peke yako, huna mzigo, ukamwuliza mzee huyuhuyu? Akasema ndiyo. Aliambiwa saa nne, akageuza hapohapo bila kumaliza njia, akaandika nne.

Nilimkaripia mbele ya mwenye nyumba. Hapa msafiri haambiwi njia ni ndefu. Ukimwambia umemvunja miguu. Unampa maji, unamwambia hapo tu, naye anapata nguvu. Baba yangu alifanya hivyo, na babu. Hata mtoto wa genge hili anajua kwamba hiyo ni baraka, si kipimo.

"Kwetu Iguguno ni tambarare, Mwalimu," akanijibu. "Mtu akisema hapo tu, ni hapo tu."

Simeoni alikuwa anatazama mizinga yake, kama hasikii.

Jua likiwa linashuka, Philipo alikanyaga jiwe bovu. Machela ikainama. Gunia likachomoka, likabiringika, likagonga mwamba mara mbili na kupasuka. Mtama ukamwagika bondeni, sauti yake kama mvua.

 Lazaro alishuka polepole hadi pale lilipopasukia, akapiga magoti, akaanza kuzoa mtama kwa viganja. Alizoa hata ule uliochanganyika na mchanga. Antipasi aliweka daftari chini, akamshikia gunia. Hilo nalo naliandika, maana ni kweli.

Tuliposhona na kuendelea, Lazaro alikuwa mbele yangu. Bila kugeuka akauliza, "Shemeji, bado mbali?"

Nikamjibu, "Hapo tu."

Nyuma yangu nikasikia karatasi ikifunuliwa.

Alhamisi, 13 Agosti

Tumefika saa nne asubuhi. Saa ishirini na nane, kulala kukiwemo. Bega langu la kulia halina ngozi. Viatu vya Antipasi vimeachia soli, amefika na kimoja mkononi.

Nikamtaka aandike. Hakubisha. Ameandika saa ishirini na nane, nimeiona kwa macho yangu. Chini yake ameandika: "Hata hivyo mashahidi wawili, wakiwa njiani, walisema ni karibu. Mmoja wao ni Mwalimu mwenyewe."

Nikamwambia afute. Akasema kwa upole — na upole wake ndio unaoniudhi — "Mwalimu, umenitukana siku mbili kwa kuandika nisichokiona. Hiki nimekisikia."

Nikamrudishia daftari. 

Kefa alirudi kwa Simeoni kumwomba apande kutoa ushahidi kesho. Amerejea peke yake jioni hii. Mzee amesema hawezi kusimama mbele ya watu akasema alimdanganya mgeni. Hakumdanganya, alimpa miguu. Lazaro kasikia, akatoka nje. Mpaka sasa hajarudi. Dorkas yuko bondeni, na siku zinakwenda.

Sitalala. Naandika hapa nitakayowaambia.

Wewe Simeoni, nanyi wazee wote wenye nyumba kando ya njia hii, chini na juu ya genge: adabu yenu naijua, imenilea, na jana ilinitoka mdomoni. Kesho panda, baba. Pandeni wote. Wakiwauliza ni mbali kiasi gani, msimhurumie anayeuliza. Hasafiri huyo, amekaa kwenye kiti. Mwambieni ni mbali.