Jina Langu, Maneno ya Mwenye Gazeti

Jumatatu, 6 Februari 2006
Baray tena, kijijini kwetu, na mbunge aliyekuja kuangalia ukame. Mfereji umebaki kama uzi. Mama yangu hupata zamu moja ya maji kwa wiki, na vitunguu vyake vinakauka. Mbunge kakiri mbele ya watu: mvua zimebadilika, pampu ya hoteli iliyo juu ya chemchemi ipunguzwe. Atalisema bungeni. Nimemwamini. Habari nimeituma gazetini kwa faksi.

Jumatano, 8 Februari
Haijatoka. Mhariri kwenye simu: "Dada, mwenye gazeti ndiye mwenye hoteli. Tulia kwanza." Nitulie! Na vitunguu navyo vitulie?

Ijumaa, 10 Februari
Mbunge kala mchana na mwenye gazeti, hotelini. Bwawa la kuogelea limejaa pomoni. Nimeliona kabla askari hajanifukuza getini.

Jumapili, 12 Februari
Ibada ya kuombea mvua. Mbunge akapewa nafasi asalimie. "Hayo ya tabianchi ni vitisho vya Wazungu. Mvua ni ya Mungu. Ninyi acheni kumwaga maji ovyo." Watu wakaitikia amina. Mnafiki! Kanisani nimekaa na hasira, sikuomba chochote.

Jumatatu, 13 Februari
Gazeti limefika. Picha kubwa ya mbunge, ukurasa wa kwanza. WAKULIMA BARAY WAMALIZA MAJI. Chini yake jina langu. Sikuandika hata mstari mmoja wa uchafu ule. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawa hata hawakupigana, wamekumbatiana, na nyasi ni zilezile.

Jumanne, 14 Februari
Kamati ya mfereji imemnyima mama zamu. Kwao, kumsingizia mwenzako wizi wa maji ni sawa na kuyaiba, na adhabu ni ya nyumba nzima. Mama hajui hata kusoma gazeti. Ametuma neno huku Karatu kwa dereva wa Land Rover ya abiria: nije niseme mwenyewe.

Alhamisi, 16 Februari
Nimesimama mbele ya kamati, kando ya mfereji. Nimeeleza yote. Mwenyekiti akaniuliza, "Jina walilitoa wapi, kama si kwako?" Niliporudi Karatu nikampigia mhariri: siwaandikii tena. Akacheka. "Nani atakujua sasa?" Shenzi kabisa.

Jumamosi, 18 Februari
Kamati imesikia nimeacha kuliandikia gazeti lile, imerudisha zamu. Maji yamekuja membamba, yakafika tuta la nne, yakaishia hapo. Tumeng'oa vitunguu vya matuta mengine, vidogo kama gololi. Mama hajataja gazeti. Kaniuliza tu kama nimekula.