Virusi vya Ukoo Wetu

Nyarugusu, Geita

Baba yangu mpendwa, Mzee Mihayo,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na mvua imewafikia hapo Tinde. Mimi ni mzima, nafundisha baiolojia kama kawaida, ingawa wanafunzi wakisikia dhahabu imeonekana mahali, nabaki na madawati.

Kaka Magesa amenieleza kuwa ng'ombe wa mahari walioletwa na mchumba wangu Sostenes umewafungia peke yao, wasinywe maji na wako, eti kwa sababu mtu alimwona Sostenes kwenye dirisha la dawa za UKIMWI. Nilicheka, Baba, unisamehe. Ng'ombe hawapati virusi hivyo wala hawavileti. Kisha akanifikishia neno lako, nikaacha kucheka: "Ukoo wangu haujawahi kuingiwa na virusi, na hautaingiwa."

Uliuza mitamba ili nisome, basi leo nikufundishe wewe. Ukoo wetu uliingiwa zamani sana, kabla binadamu hajakuwepo. Virusi vya kale vilijipenyeza kwenye mbegu za uzazi za wanyama waliotutangulia, vikarithiwa toka mzazi hadi mtoto, na mabaki yake yamo katika vinasaba vya kila mtu, wewe ukiwemo. Mengi yamelala tu. Machache yalipewa kazi. Kondo la nyuma lililonilisha tumboni mwa Mama lilijengwa kwa msaada wa kitu ambacho mwanzo kirusi kilikitumia kuingilia kwenye seli za mwili. Hata ng'ombe wako wana chao, walichokipata kwa virusi vingine.

Sisemi virusi vya UKIMWI ni vya kuchezea. Bila dawa vinaua. Ila mtu akimeza dawa vizuri, vikashuka hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kitandani.

Baba, Sostenes hana virusi. Dawa anazochukua ni zangu, siku ambazo niko darasani. Mwenye navyo ni mimi, tangu kabla sijamjua, naye alijua yote kabla ya kuleta ng'ombe. Ulipomtukana alinyamaza ili jina langu lisitajwe, nami sitaki anyamaze tena. Nameza dawa kila siku, kipimo hakivioni, na Jumamosi tunakuja wote wawili. Ugonjwa siuogopi. Naogopa kufika nyumbani nikakuta nimetengewa kikombe.

Msalimie sana Mama, na majirani wote uwape salamu yangu ya mwangaluka.

Ni mimi binti yako, yule yule,

Vumilia